Kila Chungu na Khabari Yake

Hotuba juu ya kupika pombe vyungu vingi kwa siku mbili, iliyosomwa mbele ya Masheha, Walimu na Wazee wa mashamba ya Unguja



Nimetakiwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kulisikia likitajwa katika mkutano kama huu, nalo ni kazi ya kupika pombe: tena si chungu kimoja, bali vyungu vinne au vitano kwa pamoja, katika siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili. Najua ya kuwa watu wa kisiwa hiki karibu wote ni Waislamu, na kwao kileo ni haramu kukinywa na kukiuza. Sikuja kumshawishi mtu aonje. Nimekuja kwa sababu tatu, nanyi mtazipima wenyewe.

Ya kwanza, katika shehia zetu wamo watu waliotoka Bara. Wengine wazee wao walikuja tangu zamani kuchuma karafuu na kulima, na wengine wamekuja juzi kwa kazi za ujenzi na za mahoteli. Kwa desturi za makwao pombe ya nafaka ni kitu cha mavuno, cha ngoma na cha matanga. Ya pili, elimu ya chachu si ya pombe peke yake. Ndiyo ile ile ya mkate wa hamira, ya siki ya mnazi, ya togwa na ya maziwa ya mgando, na nyumba isiyotumia hata kimoja katika hivyo ni chache. Ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni kuwa watu wakidhurika kwa kinywaji, wa kwanza kuitwa ni sheha. Akifika asijue la kufanya, atafanya litakalosemwa na wenye makelele.

KAZI YA CHACHU

Yafaa kwanza tufahamu ndani ya chungu mna nini. Wazee wetu walijua ya kuwa kitu kitamu kikiachwa huumuka, kikatoa povu, kikawa kikali, na mwisho kikawa kichungu na chachu. Sababu yake hawakuiona, kwa kuwa haionekani kwa macho. Mwaka 1680 Mholanzi mmoja, Anton van Leeuwenhoek, alitazama tone la bia kwa kioo cha kukuzia, akaona vipande vidogo vya mviringo. Lakini miaka zaidi ya mia na hamsini ikapita kabla haijathibitika kuwa vile vipande ni viumbe hai. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, katika kazi alizoanza kuzitangaza mwaka 1857, ya kuwa chachu hula sukari ikatoa kileo na hewa, na ya kuwa kila uchachu una viumbe vyake: vingine hufanya kileo, vingine hugandisha maziwa, na vingine hugeuza kileo kuwa siki.

Basi chungu ni kama shamba. Mpishi hupanda mbegu aitakayo, lakini magugu nayo hungoja nafasi. Akiwa na shamba moja aweza kulipalilia. Akiwa na mashamba matano kwa siku moja, na jembe ni moja, hapana budi awe na taratibu.

TUJIFUNZE KWA MGEMA

Hapa kwetu mtu aliyeizoea kazi ya vyombo vingi ni mgema. Mnazi mmoja haumpi riziki, basi hugema mingi, na kila mmoja una kibuyu chake au chupa yake. Hupanda asubuhi na jioni. Hufunga karara kwa kamba ili lisifunuke, akakata kwa kotama kipande chembamba cha ncha yake, akakinga chombo chini. Utomvu unaodondoka ni mtamu, kwani una sukari kadiri ya sehemu 10 mpaka 15 katika 100. Lakini hata kabla hajauteremsha umekwisha anza kuchachuka, maana chachu imo katika chombo cha jana, na nyingine huletwa na upepo na nyuki. Tembo la alfajiri ni tamu; likifika adhuhuri ni kali; likilala mpaka kesho lakaribia siki.

Mambo mawili hufanywa na mgema mwema, nayo yatufaa. La kwanza, hakiamini chombo. Hukisafisha, kwa kuwa kila kibuyu ni tembo mbali. Katika nchi ya Sri Lanka na ya India, mgema atakaye tembo libaki tamu hupaka chokaa ndani ya chombo, na ile chokaa huizuia chachu isifanye kazi. La pili, huonja na kunusa kila kimoja kabla ya kukimimina katika pipa. Akimimina vibuyu ishirini bila ya kunusa, na kimoja kimeoza, hakupoteza kimoja, amepoteza ishirini.

Kuna na la tatu, ambalo wahenga wametuonya nalo waliposema, Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu hulicheka neno hili kama kwamba hasara yake ni ladha tu. Lakini maji ya kisima yasiyochemshwa huleta maradhi. Kisiwa hiki kimekwisha ona kipindupindu, na kile cha mwaka 1869 na 1870 kiliua watu wengi sana mjini na mashamba. Daktari James Christie, aliyekuwapo Unguja wakati ule, aliandika kitabu kizima juu yake. Atiaye maji mabichi katika kinywaji kilichokwisha tengenea amevunja kazi yote iliyotangulia.

VYUNGU VINNE KWA SIKU MBILI

Sasa nije kwenye pombe ya mtama. Mwenye kuipika kwa wingi katika siku mbili hatafuti sifa. Ana hisabu yake. Kuni ni ghali na siku za kazi si zake. Moto ukiwashwa kwa chungu kimoja, nusu yake hupotea bure. Ukiwashwa kwa vyungu vinne, kila kuni yafanya kazi. Hisabu hii ni nzuri, nami siilaumu. Lakini kazi ya Jumamosi huanza siku saba kabla ya Jumamosi.

Kwanza ni kimea. Mtama hulowekwa mchana na usiku, kisha hutandazwa juu ya mkeka na kufunikwa kwa gunia bichi siku tatu au nne mpaka uchipue, kisha huanikwa juani mpaka ukauke kabisa. Hapa pana jambo ambalo si wote walijualo. Machipukizi ya mtama yana sumu, ndiyo sababu ng'ombe akila mtama mchanga hufa. Basi kimea kikikauka yafaa kisuguliwe kwa viganja, mizizi na machipukizi yakatike, yapepetwe, yatupwe mbali, ndipo punje zisagwe.

Pili ni maji. Maji ya kupozea yachemshwe Ijumaa jioni, yafunikwe, yalale.

Tatu ni moto na saa. Chungu cha kwanza kiinjikwe saa 12 asubuhi, cha pili saa 2, cha tatu saa 4, cha nne saa 6 mchana. Sababu ya kuacha saa mbili baina ya chungu na chungu ni kwamba kila kimoja chataka mkono wa mpishi mara tatu: uji ukipikwa, kimea kikitiwa, na chachu ikitiwa. Aviinjikaye vyote pamoja atatakiwa na vyote pamoja, na vitatu vitamharibikia akishughulika na kimoja.

Nne ni joto, nalo ndilo liwashindalo wengi. Unga wa kimea hugeuza uji kuwa mtamu ukiwa katika joto la nyuzi 60 hadi 70. Ukitiwa katika uji unaochemka, nguvu yake hufa. Ukitiwa katika uji uliopoa, kazi yake huwa dhaifu na vijidudu vya uchachu hutangulia. Asiye na kipimo cha joto atumie hisabu hii. Uji unaochemka una nyuzi 100, na maji ya mtungini katika nchi yetu ni kama nyuzi 28. Changanya kipimo kimoja cha uji na kipimo kimoja cha yale maji yaliyochemshwa jana, utapata nyuzi 64, bila ya kubahatisha kwa kidole. Hapo tia kimea, funika, ngoja saa moja au mbili. Onja: utakuta utamu ambao hukuutia. Hiyo ni togwa, na nyumba nyingi huishia hapo, wakawapa watoto wakainywa siku ile ile. Atakaye kuendelea na angoje mpaka chungu kiwe na uvuguvugu kama wa mwili wa mtu, ndipo atie chachu, kwani chachu hufa kwa joto kama tufavyo sisi.

Usiku wa Jumamosi kila chungu kiwe na chachu yake, kimefunikwa kitambaa safi, wala kisizibwe kwa nguvu. Hewa itokayo katika chachu yataka njia. Chupa iliyozibwa kabla ya wakati hupasuka ikamjeruhi mtu, na chumba kidogo chenye mapipa mengi, kisicho na dirisha, huweza kumzimisha mtu pumzi, kwa kuwa hewa ile ni nzito na hutulia chini. Jumapili vyungu huiva kwa zamu kama vilivyoinjikwa, ila kile kilicho karibu na meko hutangulia. Basi mpishi ahukumu kwa povu na harufu pamoja na saa.

Na chombo je? Chungu cha udongo, au ndoo iliyofanywa kwa ajili ya chakula, ni chombo salama. Pipa lililokuwa na dawa ya shamba halioshwi likatakata, hata likisuguliwa siku saba. Debe la zinki nalo halifai, kwa sababu uchachu hula zinki, na anywaye hutapika.

MWIKO MMOJA, CHACHU MOJA, UNGA MMOJA

Mabwana, nimesema juu ya faida ya vyungu vingi. Sasa natoa onyo. Anayepika chungu kimoja akikosea, kosa lake ni moja. Anayepika vyungu vinne kwa mwiko mmoja, kwa chachu moja, na kwa unga wa gunia moja, akikosea mara moja amekosea mara nne.

Khabari ya mwiko na chachu nitaitolea mfano kutoka mbali. Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, kilikuwako kiwanda kikubwa cha bia kiitwacho Carlsberg. Mwaka 1883 bia yao iliugua, ikawa na harufu mbaya na ladha chungu. Mtaalamu wao, Emil Christian Hansen, alitazama chachu yao akakuta imechanganyika na chachu ya mwituni. Akatenga chembe moja tu iliyo njema, akaizalisha peke yake mpaka ikatosha kiwanda kizima, na bia ikapona. Ikiwa kiwanda chenye wataalamu kilidhurika kwa kuhamisha mashapo kutoka pipa hadi pipa, mpishi wa kijijini atasalimika vipi anapochota mashapo ya Jumamosi kuchachulia chungu cha Jumapili, na ya Jumapili kwa wiki ijayo, mwaka hata mwaka? Afadhali achague mashapo ya chungu kimoja kilicho bora, ayaweke katika chombo kilichochemshwa, na kila baada ya muda aanze na chachu mpya.

Lakini bia iliyougua huharibu ladha tu. Unga ulioharibika huua.

Mwezi wa Januari mwaka 2015, katika mji wa Chitima, jimbo la Tete, nchi ya Msumbiji, watu walikusanyika matangani. Wakanywa pombe ya nyumbani iliyopikwa kwa unga wa mahindi, nao huko huiita pombe vile vile kama sisi. Watu zaidi ya 200 wakaugua, na 75 wakafa. Mama aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mara khabari zikaenea ya kuwa kuna mtu aliyetia nyongo ya mamba ndani ya pipa. Neno hili la nyongo ya mamba latembea tangu zamani, na kila litembeapo hutafuta shingo ya kukaa.

Miezi mingi ikapita kabla ya maabara kutoa jawabu. Haikuonekana nyongo, wala mkono wa adui. Palikuwa na unga ulioharibika kwa maji, ukaota bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, naye akatoa sumu iitwayo asidi ya bongkreki. Sumu hii haina rangi wala harufu ya kumwonya mtu, wala haifi kwa kuchemshwa. Unga ule haukufaa kuliwa. Ikadhaniwa kuwa kwa pombe wafaa.

Jina la sumu hiyo lapasa kutushtua sisi watu wa minazi. Limetoka katika kisiwa cha Java, kwa chakula kiitwacho tempe bongkrek, ambacho watu maskini walikifanya kwa machicha ya nazi yaliyokwisha kamuliwa, wakayachachua. Watu mamia walikufa kwa chakula hicho katika muda wa miaka mingi, hata serikali ya Indonesia ikakipiga marufuku mwaka 1988. Bakteria huyu hupenda vitu vyenye mafuta kama nazi na mahindi, vikiwa na maji na joto. Machicha tunayo kila nyumba, joto tunalo, na masika hatukosi. Basi machicha yaliyolala na kunuka yasichachuliwe kwa kitu chochote, na unga ulionyeshewa usipewe heshima ya pili kwa kuambiwa, Huu tutaupikia pombe.

Juu ya gongo sitasema mengi. Chungu cha mtama au cha tembo peke yake hakitoi ile spiriti mbaya iitwayo methanoli kwa kadiri ya kumpofusha mtu. Vifo vingi vya namna hiyo hutokana na watu wenye tamaa ambao hutia spiriti za viwandani katika pombe kali ili waongeze ukali na faida. Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, kinywaji cha namna hiyo kiliua watu zaidi ya mia moja, na wengine wakapofuka. Kinywaji kikali cha bei rahisi kuliko sukari iliyokifanya ni cha kuogopwa.

KILA CHUNGU KIWE NA KHABARI YAKE

Sasa natoa shauri langu, nalo ni fupi. Yeyote apikaye chungu zaidi ya kimoja, kila chungu akipe khabari yake. Atie alama kwa mkaa ubavuni mwa chungu, au afunge kipande cha karatasi, aandike mambo manne: saa kilipoinjikwa, unga umetoka wapi, chachu imetoka wapi, na nani aliyekikoroga. Asichanganye chungu na chungu hata wakati wa kuchuja. Na kila kimoja kiachiwe kikombe kimoja katika chupa safi, kisinywewe mpaka siku tatu zipite.

Mtu aweza kusema, Hii ni kazi ya karani, si ya mpishi. Nami namjibu: faida ya kwanza ni yake mwenyewe. Kimoja kikitoka kizuri kuliko vingine, atajua kwa nini, na wiki ijayo atafanya vinne kama hicho. Kimoja kikiharibika, atamwaga kimoja na kuokoa vitatu. Na ikiwa Mungu amepitisha msiba, ile karatasi na kile kikombe vitasema kweli mahali ambapo mpishi hatasadikiwa.

Enyi Masheha, mkiitwa usiku kwamba watu wanaumwa tumbo na kuishiwa nguvu baada ya kunywa, fanyeni haya kwa taratibu. Zuieni watu wote wasinywe tena, hata wale wasemao kuwa hawana neno. Wapelekeni wagonjwa hospitali mara moja, na waliokunywa bila ya kuugua waende nao. Vyungu, unga na mashapo yasimwagwe wala yasioshwe. Yafungwe, yalindwe, wakabidhiwe wenye mamlaka. Andikeni majina na saa. Na likipita neno la nyongo ya mamba au la uchawi, lizimeni pale pale, kwa kuwapa watu khabari ya Chitima. Mama yule kama asingalikufa kwa pombe yake, huenda angaliuawa na majirani zake, naye hakuwa na hatia illa ya kutojua.

Enyi Walimu, elimu hii yaweza kufundishwa bila ya kileo. Chukueni chupa tatu, tieni maji na sukari sawa sawa. Ya kwanza itieni hamira na kuiweka mahali penye uvuguvugu. Ya pili itieni hamira na kuiweka katika barafu. Ya tatu itieni hamira iliyochemshwa. Fungeni mdomo wa kila chupa kwa mpira wa kupuliza, na kila chupa iwe na karatasi yake. Baada ya saa moja mpira wa kwanza utasimama, mingine italala. Mtoto aliyeliona hilo hatasadiki kwa wepesi ya kuwa chungu huharibiwa na jicho la mtu.

Nanyi akina mama wa nyumba zisizoingia pombe, fanyeni vivyo hivyo kwa siki, kwa togwa na kwa maziwa. Chombo kilichochemshwa, chachu ijulikanayo, unga mkavu, na alama juu ya kila chombo.

Chachu ni mtumishi asiyelala. Hukufanyia kazi usiku na mchana bila ya mshahara, lakini hajui kumtenga mgeni aliyeingia naye nyumbani. Kumtenga mgeni huyo ni juu yetu, nako kwataka macho, maji yaliyochemka na kalamu.